Vifungo vya Mgongoni

Zamzam binti Abdulhamid anauza vifungo. Duka lake lipo Kariakoo, ndani ya kichochoro kinachotokea Mtaa wa Kongo, na ni jembamba kiasi kwamba akitaka kuingia mteja mnene, aliyemo ndani inabidi atoke kwanza. Anauza zipu, nyuzi, lastiki, ndoano za sidiria na lasi za kupima kwa mita, lakini hasa vifungo, vya kila namna, kwenye makopo ya plastiki yaliyopangwa mpaka darini. Fundi akikosa kifungo mtaa mzima, wenzake humwambia, "Hebu nenda kwa Zamzam," na mara nyingi anakipata.

Mimi nauza mapazia jirani yake. Haya ninayoyaeleza alinisimulia mwenyewe kwa vipandevipande, kati ya mteja na mteja, na siku nyingine alikuwa akikatisha na kuendelea kesho yake kana kwamba hatukuachana. Mimi nimeyaunga tu.

Baada ya ndoa yake kuvunjika, Zamzam alirudi kuishi na mdogo wake, Sitara, kwenye vyumba viwili vya nyumba ya ukoo, Mtaa wa Sikukuu. Sitara hakuwahi kuolewa. Homa ya utotoni ilimwacha na mkono wa kushoto mwembamba, usioweza kunyanyuka kupita kifua, na bega la upande huo likashuka likabaki hivyo hivyo. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa na mdomo, alikuwa na shoga kila kona, na kwa ule mkono wa kulia aliwapaka hina maharusi wa nusu ya Kariakoo. Aliimba chochote kilichopita redioni, hata matangazo ya sabuni.

Na alipenda magauni yenye vifungo mgongoni. Watu walimwambia ashone ya kufungia mbele ili asihangaike. Akasema ya mbele ni ya mama wenye kunyonyesha. Kwa hiyo kila alipovaa alimwendea dada yake popote alipo, akamgeuzia mgongo, akasema neno moja: "Nifunge." Hakuuliza kama mwenzake ana nafasi. Aligeuka tu, akatulia, akasubiri. Na Zamzam alimfunga, awe anasuka nywele, awe anakanda chapati na mikono yake imejaa unga. Akimaliza cha juu kabisa alimpiga kofi dogo mgongoni. "Haya, nenda."

Gauni lake la mwisho lilikuwa la rangi ya zambarau. Lilishonwa na fundi Mwinyimvua, mzee aliyemjua Sitara tangu mtoto, akalikata kwa mwili wake: bega la kushoto limeshushwa, mkono wa kushoto umebanwa. Vifungo vilitoka dukani kwa Zamzam, vyeupe vya kombe la baharini, vinavyong'aa. Vikaisha kabla gauni halijaisha, na kile cha juu, shingoni, kikawekwa cheusi. "Wataona ni mtindo," Sitara alisema, akaenda nalo harusini.

Alifariki mwaka juzi, moyo wake uliposimama ghafla mchana, wakati akisubiri hina ikauke kwenye miguu ya bibi harusi. Baada ya arobaini shangazi yao, Bi Shamsa, alikuja kuchukua nguo azitoe sadaka. Zamzam alimwomba kitu kimoja, asionyeshwe zinavyotoka. Akakaa uani mpaka mlango wa nje ulipofungwa.

*

Habari ya mchezo ililetwa na Rupal, binti wa Mzee Mansukhlal wa vitambaa. Rupal ni kijana wa mjini, anaongea haraka, ana simu mbili, na kazi yake ni kuandaa shughuli: harusi, maonyesho, mikutano. Asubuhi moja aliingia dukani na mwanamke mgeni mwenye futi ya fundi shingoni.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, Rupal. Baba hajambo?"

"Hajambo, ni magoti tu. Anti, huyu mgeni wangu anatafuta lastiki nyeusi na ndoano. Ndiye anayesimamia mavazi ya wale waigizaji niliokwambia, wa Johannesburg. Wametoka Maputo, wako hapa, halafu wanaenda Lusaka."

"Wanaigiza nini?"

"Ni mchezo wa kuimba, mwanzo mwisho. Muziki wa roki, magitaa ya umeme, ngoma kubwa. Unaitwa *Stesheni*. Kuna kijana mpiga gitaa amekwama stesheni, treni yake haiji. Kila ikija treni ni ya waliokufa. Wanapita kupanda, na yeye anawaimbia."

Zamzam alikuwa akipima lastiki. Akauliza swali la mtu wa biashara ya nguo. "Hao waliokufa wanavalishwa nini? Sanda?"

Rupal akamtafsiria mgeni, mgeni akacheka, akaeleza kwa kirefu.

"Anasema hapana, wanavaa nguo za kawaida. Kila mji wakifika, nguo za wale wafu wananunua kwenye mitumba ya hapo hapo. Mwongozaji anataka nguo zilizowahi kuvaliwa na watu wa mji huo. Za hapa wameshapata, Mchikichini."

Zamzam hakulipenda jambo hilo. Aliwafungia mzigo, na Rupal akamwachia tiketi. Zamzam alisema haendi. Rupal akasema atamfuata mwenyewe kwa gari, wakae pamoja, na kama hakufurahi atamnunulia biriani ya kumpoza. Siku ilipofika Zamzam akajikuta amevaa baibui lake zuri na anasubiri barazani.

*

Ukumbi ulikuwa sinema zamani, huku mjini, na viti bado ni vile vile vya kukunjua vyenye harufu ya vumbi na bisi. Watu walijaa: familia za Kihindi za Upanga na Kisutu, Wazungu wa balozini, wanafunzi wa vyuo waliopiga picha kila kitu. Jua lilikuwa halijazama bado walipofungiwa mlango. Zamzam alihisi amekosea nyumba.

Muziki ulipoanza ulimgonga kifuani kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Aliziba masikio, akazibua, akazoea. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, alidaka moja moja. Kulikuwa na mkata tiketi mnene aliyechekesha sana, na Zamzam akacheka, na akaanza kufikiri kwamba biriani yake ameikosa.

Kisha taa zikawa za bluu. Moshi ukatambaa chini ya jukwaa mpaka ukafika miguuni mwa watu wa safu ya mbele. Ngoma kubwa ikaanza kupiga polepole kama gurudumu la treni linapokaribia kusimama, na wafu wakaingia.

Walipita mmoja mmoja, kutoka upande huu wa jukwaa kwenda upande wa pili kulikokuwa na mlango wa behewa. Wa kwanza alivaa kanzu iliyogeuka manjano kolani. Akafuata mmoja mwenye sweta la shule. Mwingine alivaa jezi ya mpira iliyopauka, watu wakaitambua, wakacheka. Mwingine alijifunga khanga kama wanavyofunga mama zetu sokoni. Kicheko kikaendelea kidogo, halafu kikafa chenyewe. Ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo Zamzam aliielewa mara moja: kila mtu alikuwa ameacha kuwatazama waigizaji, na anakagua nguo.

Wa mwisho aliingia peke yake. Alikuwa mwanamke mrefu, hana mzigo. Gauni la zambarau.

Zamzam anasema hakulijua kwanza kwa rangi, maana taa zile zilibadilisha kila kitu. Alilijua kwa bega. Mwanamke yule alitembea bega la kushoto limeshuka, mkono wa upande huo umelala mbavuni, na kila hatua alijitupa kidogo upande wa kulia kuusaidia mwili. Mwendo ule Zamzam alikuwa ameufuata nyuma, kutoka sokoni na kutoka madrasa, tangu wana meno ya utoto.

Alipofika katikati ya jukwaa, mwanamke yule akasimama. Akageuka. Akawapa watu mgongo, akatulia.

Vifungo vya chini vilikuwa vimefungwa. Vya juu vilikuwa wazi, mgongo unaonekana. Hakufanya lolote, alisimama tu, kichwa ameinamisha kidogo kuwapisha vidole, kama mtu aliyekwisha kusema neno lake na sasa anasubiri. Ngoma ilipiga. Kijana wa gitaa aliimba, lakini hakumsogelea. Hakuna aliyemsogelea.

Zamzam alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Mikono yake ilikuwa mbele yake hewani, vidole vimekutana.

"Mama, kaa chini tafadhali," mtu wa nyuma alisema.

Rupal akamvuta baibui. Akakaa. Na alipotazama tena jukwaani, mwanamke yule alikuwa ameanza kuondoka, anaelekea kwenye behewa, bado amewapa watu mgongo. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Mpaka kile cha juu, cheusi.

Nje, kwenye ngazi, alimshika Rupal mkono. "Nani alimfunga yule dada?"

"Yupi?"

"Wa zambarau. Amekuja mgongo wazi, ameondoka amefungwa."

"Anti, sikuona. Giza lile na moshi wote ule." Rupal akamtazama vizuri. "Tukakae mahali unywe maji?"

"Nirudishe nyumbani."

*

Kesho yake baada ya alfajiri alikwenda Msimbazi kwa shangazi yake. Bi Shamsa ni mtu mzima mkavu, asiyetishika. Alikuwa anachambua mchele.

"Gauni la zambarau la Sitara ulimpa nani, shangazi?"

"Mama mmoja wa bondeni, ana mabinti. Kwani vipi?"

"Limeuzwa Mchikichini."

"Basi kaliuza. Nilimpa liwe lake, si la kutuwekea. Ukishatoa umetoa."

Zamzam akamweleza yote, tangu muziki mpaka vifungo. Bi Shamsa aliendelea kuchambua mchele, lakini Zamzam aliona sasa anazitoa hata punje nzima.

"Gauni limekatwa bega," Bi Shamsa alisema. "Yeyote atakayelivaa atakaa upande. Hilo halina ajabu."

"Bega sawa. Nani alimwambia ageuke?"

"Ni michezo yao. Usirudi huko, Zamzam. Msomee mdogo wako Yasini, umwombee, ukae dukani kwako."

Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake. Bi Shamsa akasukuma ungo pembeni, akasema kwa sauti ya chini ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia kwake:

"Alisimama vipi? Hebu nionyeshe."

Zamzam akasimama katikati ya chumba, akamgeuzia shangazi yake mgongo, akainamisha kichwa. Alipogeuka tena, Bi Shamsa alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Zamzam alimsomea Sitara Yasini, kama alivyoagizwa. Kisha akampigia Rupal.

*

Onyesho la kufunga lilikuwa Jumapili alasiri. Rupal alimpitisha mlango wa nyuma kabla watu hawajaanza kuingia, wakapita kwenye korido iliyojaa nyaya na masanduku, wakafika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Yule mwigizaji wa zambarau alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kavaa fulana na suruali ya jinzi, anakula chipsi mayai. Jina lake Nomfundo. Kumbe ni binti mdogo tu, mchangamfu, mabega yake yote mawili sawasawa. Alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, na Zamzam alijikuta anautazama mkono ule unavyopanda na kushuka bila shida.

Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma yake. Zamzam hakulitazama moja kwa moja.

"Muulize," alimwambia Rupal, "nani alimwambia awageuzie watu mgongo?"

Rupal akauliza. Nomfundo akaacha kutafuna. Akauliza jambo, Rupal akatafsiri. "Anasema, kwa nini unataka kujua?"

"Mwambie gauni lile lilikuwa la mdogo wangu. Amefariki."

Nomfundo akaweka sahani chini. Akafuta mikono kwenye suruali taratibu, kisha akaanza kueleza, na Rupal akafuatisha nyuma yake kwa Kiswahili, sauti yake ikizidi kupungua kadiri anavyoendelea.

"Anasema hakuna aliyemwambia. Katika mchezo anatakiwa apite tu, apande treni. Maputo alikuwa anapita. Siku ya kwanza ya mazoezi hapa Dar, alipofika katikati, akaona lazima ageuke. Anasema, sijui nikwambieje anti, aliona kwamba kuondoka bila kugeuka ni kukosa adabu. Mwongozaji akapenda, akasema iwe hivyo hivyo. Na mkono wake wa kushoto hufa ganzi akivaa gauni hilo. Anadhani linambana."

"Na vifungo?"

Rupal hakuhitaji kutafsiri. Zamzam alikuwa ameonyesha kwa vidole, na Nomfundo aliangalia ishara ile kwa muda mrefu.

"Anasema vya juu hawezi kuvifikia, na wenzake wana haraka ya kuvaa, kwa hiyo huingia jukwaani hivyo hivyo. Akitoka anakuta vimefungwa. Siku ya kwanza alidhani ni mwenzake anamtania gizani. Akawauliza wote. Kila mtu akakataa, mpaka wakagombana. Anasema anavisikia vidole."

"Vya baridi," Zamzam alisema.

Rupal akatafsiri, Nomfundo akatikisa kichwa.

"Hapana, anti. Anasema vina joto. Vikavu, vya mtu mwenye haraka. Vina kitu kama unga. Mwanamke wa mavazi amelalamika, kila onyesho likiisha kifungo kile cheusi kina vumbi jeupe. Inabidi akifute."

Zamzam akatazama mikono yake mwenyewe.

Ananiambia kwamba hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa amekuja akiwa amejiandaa kumkuta Sitara. Alijiandaa njia nzima, midomo inasoma dua. Hakuwa amejiandaa kujikuta yeye. Alifikiria asubuhi zote tangu mdogo wake afe, alivyokuwa akikanda chapati za mtu mmoja huku mgongo wake umeelekea mlangoni, na alivyokuwa akisimama kidogo, bila sababu, na kuinua mikono kutoka kwenye bakuli.

Kengele ililia huko nje. Watu waliingia kwenye korido wakikimbia, mmoja na kanzu ile ya manjano, mwingine na sweta la shule. Nomfundo akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi amelivaa gauni. Bega lilikuwa tayari limeshuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mbavuni. Akasimama mbele ya Zamzam, macho yamemtoka kwa hofu, binti wa watu, mbali na kwao, na pamoja na hofu hiyo akageuka. Akampa mgongo. Akatulia.

Rupal alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

Zamzam akamfunga. Alianzia cha chini kabisa, ingawa vya chini vilikuwa vimefungwa. Alivifungua akavifunga upya. Hakuharakisha. Vifungo vya kombe vilikuwa vya baridi, kisha vikapata joto mkononi. Alipofika kile cheusi alikaa nacho kidogo, kidole gumba juu yake. Kisha akakipitisha kwenye tundu lake. Akampiga kofi dogo mgongoni.

"Haya," alisema. "Nenda."

Nomfundo akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Hakugeuka kumtazama. Akatoka.

*

Zamzam alilitazama onyesho akiwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia jeusi, kwenye kiti alichowekewa na Rupal. Ngoma ya treni ilipoanza alisimama. Kanzu ikapita, sweta likapita, jezi, khanga. Akaingia wa zambarau.

Alipofika katikati hakusimama. Bendi ilikuwa imezoea ule muda wa kusubiri, ikaendelea kupiga kwa ajili ya mtu ambaye hakusimama tena. Kijana wa gitaa alichanganyikiwa, akarudia mstari. Upande wa pili wa jukwaa mwongozaji alikuwa anapunga mikono kwa hasira. Mwanamke wa zambarau aliendelea, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa behewa, akaweka mguu ndani. Hapo ndipo alipowatazama watu kwa mara ya kwanza, na akainua mkono kuwaaga. Aliinua wa kushoto. Ulipita kifua, ukapita bega, ukanyooka juu kabisa ya kichwa, kwenye mwanga. Kisha mlango ukafungwa.

Watu wakapiga makofi. Zamzam alikuwa anatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kwenye mapaja, imelegea kama mikono ya mtu aliyelala.

Mchezo ulipoisha, Nomfundo alimletea gauni limekunjwa, akimpa kwa mikono miwili. Wengine walikuwa wakitupia nguo za wafu kwenye maboksi, zigawiwe. Rupal alisema, "Anti, chukua. Ni lako."

Zamzam alilishika. Anakiri alilinusa, na lilinuka jasho la binti yule na moshi wa mashine, basi. Akamrudishia.

"Mwambie lilitolewa sadaka. Sadaka hairudishwi. Kama analitaka, akalivae."

"Anasema haogopi. Sasa halimbani."

"Mwambie basi atafute fundi amlegezee bega. Asitembee upande."

*

Baada ya mwezi hivi Rupal alikuja dukani na simu mkononi, amepata picha. Nomfundo alikuwa amesimama nje ya kanisa fulani kwao, kati ya ndugu zake, anacheka na gauni la zambarau mwilini. Bega lilikuwa limetolewa, mkono umeongezewa kitambaa ambacho hakikuoana vizuri na rangi. Alikuwa amesimama wima kabisa. Aliandika kwamba baada ya Dar hakuna chochote kilichotokea tena, na kwamba siku hizi anayemfunga vifungo ni mama yake.

Rupal alitegemea Zamzam afurahi. Zamzam alirudisha simu, akamwuliza habari za magoti ya baba yake, na Rupal alipoondoka akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya. Alikuja akakaa kwangu kati ya mapazia, akalia. Hata kwenye msiba sikumwona analia hivyo. Alisema lile bega ndilo lililokuwa limebaki, na sasa limenyooshwa.

Nilipoona ametulia nilimwuliza kama kule ukumbini aliogopa. Akafikiri.

"Niliogopa. Lakini sikumwogopa Sitara. Nilijiogopa mwenyewe. Sikujua kama mtu anaweza kwenda mahali bila kujua amekwenda."

Nikamkatia kipande cha kitambaa ajifute uso.

Kile chumba cha pili, Mtaa wa Sikukuu, amempangisha nesi mmoja kutoka Moshi anayeitwa Severa, mwanamke wa makamo, mkubwa, mwenye masufuria mengi kuliko nguo. Wanapika zamu kwa zamu. Severa hatii nazi kwenye maharage, na Zamzam huja kunilalamikia karibu kila siku, kwa sauti ya kusikika kichochoro kizima. Jana alinipita mbio asubuhi na nazi mbili ndani ya mfuko. Nikamwuliza anakwenda wapi na duka liko wazi.

"Nakwenda nyumbani mara moja," alisema, "kabla yule mama hajaiharibu ile sufuria."